Viunganishi na Vihusishi vya Kiingereza: Mwongozo kwa Anayefikiri kwa Kiswahili

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa sekondari, makarani, waandishi wa barua za maombi ya kazi na watafsiri chipukizi huyarudia bila kuchoka, limo hili: kwa nini neno "because" hufuatwa na "of" katika sentensi moja na kulikataa katika sentensi inayofuata, na kwa nini "despite" haikubali "of" kamwe ilhali Kiswahili husema "licha ya" bila tatizo lolote. Swali hili linagusa mahali ambapo aina mbili za maneno hukutana, hubadilishana kazi na wakati mwingine huwa na umbo lilelile. Makala haya yanamlenga msomaji ambaye Kiingereza chake kinamtosha katika mazungumzo lakini humsaliti anaposhika kalamu; yanaeleza hatua za kufuata, makosa yanayojitokeza mara nyingi, na chanzo cha makosa hayo, ambacho aghalabu ni Kiswahili chenyewe.

Istilahi mbili zinatosha kwa safari yote. Kiunganishi, kwa maana itakayotumika hapa, ni neno linaloleta kishazi au linalounganisha vipashio viwili vya hadhi moja, na kishazi ni fungu la maneno lenye mtenda na kitenzi chenye njeo, yaani kitenzi kinachoonyesha wakati. Kihusishi ni neno linalotangulia nomino, kiwakilishi, au kitenzi kilichogeuzwa kuwa jina, kama vile "kula" katika "baada ya kula".

Kwanza kitazamwe kinachofuata

Kosa lililo mama wa mengine ni kuchagua neno kwa kuangalia maana yake peke yake. "Because" na "because of" zote hutaja sababu, na kamusi ndogo huzipa tafsiri zinazokaribiana mno. Kinachoamua ipi itumike ni umbo la maneno yanayofuata. Kwa hiyo, mwandishi anayetaka kutaja sababu, wakati au ukinzani anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Aandike kwanza yale maneno yatakayofuata, hata ikiwa ni pembezoni mwa karatasi.
2. Ajiulize kama maneno hayo yanaweza kusimama peke yake kuwa sentensi. "It rained" inasimama. "The rain" haisimami.
3. Yakisimama, achague kiunganishi: "because it rained". Yasiposimama, achague kihusishi: "because of the rain".
4. Ajihadhari na nomino ndefu. "The heavy rain that fell last night" ina kitenzi ndani yake, lakini fungu zima bado ni jina la kitu kimoja, na kwa hiyo hutanguliwa na "because of".

Hatua ya nne ndiyo inayowaangusha hata wenye uzoefu, kwa sababu jicho hukiona kitenzi "fell" na mkono hukimbilia "because". Dawa yake ni kuliondoa fungu lote na kuweka "it" mahali pake: ikiwa "because of it" inaleta maana, kihusishi kilikuwa sahihi.

Anayefikiri kwa Kiswahili anaingia katika kazi hii akiwa na silaha ambayo hakuhesabu kuwa nayo. Lugha yake tayari inatenganisha mambo haya kwa ile "a" ya uhusiano inayojitokeza kama "ya" au "wa", na mara nyingi palipo na "ya" au "wa" mbele ya nomino, Kiingereza nacho hutaka kihusishi:

- "Kwa sababu mvua ilinyesha" ni "because it rained", na "kwa sababu ya mvua" ni "because of the rain".
- "Wakati walipokuwa wakilala" ni "while they were sleeping", na "wakati wa usiku" ni "during the night".
- "Ingawa alikuwa mgonjwa" ni "although he was ill", na "licha ya ugonjwa wake" ni "despite his illness".
- "Badala ya chai" ni "instead of tea", na hapa Kiingereza hakina kiunganishi cha neno moja kinacholingana nacho, ndiyo maana sentensi za namna hiyo huishia kwenye nomino au kitenzijina tu.

Pale "ya" inapodanganya

Silaha hiyo ina makali pande zote mbili. Kiswahili kinaposema "licha ya", mwanafunzi hutafuta neno la kuziba nafasi ya "ya" na kulipata "of", na hivyo huandika "despite of". Mkanganyo huo huongezwa na "in spite of", ambayo ina maana ileile na kweli inadai "of". Njia sahihi ni hizi, na hakuna ya kuzichanganya:

- "Despite the rain" na "in spite of the rain", mbele ya nomino.
- "Despite being tired" na "in spite of being tired", mbele ya kitenzijina.
- "Although it rained", mbele ya kishazi.
- "Despite the fact that it rained", kwa anayelazimika kuweka kishazi baada ya kihusishi. Ni sahihi, lakini ni ndefu bila faida. "Although" hufanya kazi hiyohiyo kwa neno moja.

Mtego wa pili ni "during". Kwa kuwa "wakati wa" hufuatwa na nomino na pia na kitenzi chenye "ku", kama katika "wakati wa kula", wengi huandika "during eating". Kiingereza cha kawaida hakipendi "during" ifuatwe na kitenzi chenye "-ing". Husema "while eating", au hutafuta nomino halisi na kusema "during the meal". Hapa, kinyume cha matarajio, "while" ambacho ni kiunganishi ndicho kinachokubali umbo la "-ing", kwa kuwa nyuma yake kuna kishazi kilichofupishwa: "while they were eating".

Kundi la tatu ni la maneno yasiyobadilika. "Before", "after", "since" na "until" hufanya kazi zote mbili kwa umbo moja: "after the meeting" na "after the meeting ended" zote ni sahihi, na "ya" ya Kiswahili hutoweka bila kuacha alama. Hapa mwandishi hana neno la kuchagua, ila "before" lina hatari yake, nayo imefichama katika ukanushi.

Kiswahili husema "tulifika kabla mvua haijanyesha", na kitenzi kinachofuata "kabla" huwa katika hali ya kukanusha. Anayetafsiri neno kwa neno huandika "we arrived before it had not rained", sentensi ambayo msomaji wa Kiingereza hawezi kuielewa hata akiisoma mara tatu. Ukanushi uondolewe wote: "we arrived before it rained". Kanuni hiyohiyo inahusu "unless", ambayo tayari imebeba maana ya "isipokuwa". "Unless you pay, you will not enter" inatosha. "Unless you do not pay" inageuza maana juu chini.

"Hadi", "mpaka" na "tangu"

Hakuna neno la Kiswahili linalozaa makosa mengi katika barua za ofisini kama "hadi". Kiswahili hulitumia kwa mahali, kwa muda na kwa siku ya mwisho ya jambo, ilhali Kiingereza hugawa kazi hizo:

- Mahali: "from Dodoma to Singida" au "as far as Singida". "We walked until the market" ni kosa, kwa kuwa "until" ni neno la wakati, si la njia.
- Hali inayoendelea na kukoma: "the office is open until Friday", yaani iko wazi siku zote hizo na baada ya hapo itafungwa.
- Kikomo cha tendo linalofanyika mara moja: "submit the form by Friday". Anayeandika "submit the form until Friday" anamwambia msomaji aendelee kuiwasilisha fomu hiyohiyo siku baada ya siku.

"By" kama kihusishi ina mwenzake wa upande wa viunganishi, "by the time", ambayo hutangulia kishazi: "by Monday the bus had left" na "by the time we arrived, the bus had left". Kukosa maneno "the time" katika sentensi ya pili ni kosa lilelile la kuweka kishazi baada ya kihusishi.

Kwa "tangu", maelezo ni mafupi. "Since" hutaja mwanzo wa jambo, kama "since 2015" au "since she left". Urefu wa muda hutajwa kwa "for", kama "for three years". "Since three years" iepukwe popote, na kitenzi kinachotajwa pamoja na "since" katika maana hii huwa kwa kawaida na "has" au "have": "she has lived here since 2015".

Viunganishi viwili pale kimoja kinapotosha

Katika Kiswahili cha kila siku, na hata katika magazeti, si ajabu kukutana na sentensi kama "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Wapo wahariri wanaoipinga, lakini sikio la Mswahili haliumii sana kuisikia. Kiingereza sanifu hakivumilii jambo hilo, kwa sababu kishazi kimoja tu kati ya viwili ndicho kinachopaswa kuletwa na kiunganishi cha ukinzani. Msomaji anayejishuku katika jambo hili apitie maandishi yake akitafuta jozi zifuatazo, na akizikuta afute neno moja, lolote kati ya mawili:

- "Although... but". Ibaki "Although he was ill, he came", au "He was ill, but he came".
- "Because... so". Ibaki "Because the road was closed, we walked", au "The road was closed, so we walked".
- "Despite... but". Hapa afute "but" tu, kwa kuwa "despite" ni kihusishi na fungu lake haliwezi kusimama peke yake neno hilo likiondolewa.

Tanbihi ndogo inahitajika kwa "yet". Neno hili huvumiliwa baada ya "although" katika maandishi ya zamani, na msomaji wa tafsiri za kale za Biblia ya Kiingereza atalikuta hapo mara nyingi. Kwa barua ya leo, liachwe.

Kihusishi mbele ya kitenzi

Kiswahili kina umbo moja, "kula", linalolingana na maumbo mawili ya Kiingereza, "to eat" na "eating". Baada ya kihusishi, Kiingereza hukubali umbo la "-ing" pekee: "without saying a word", "before leaving", "by working hard", "instead of waiting". Makosa kama "without to say" na "before to leave" hutokana na mazoea ya shule ya kufundisha kwamba "ku" ni "to", mazoea ambayo yangefaa kupunguzwa tangu darasa la kwanza la Kiingereza.

Ugumu wa kweli uko katika neno "to" lenyewe, kwa kuwa nalo lina nyuso mbili. Katika "I want to go" ni alama ya kitenzi. Katika "I look forward to your reply" ni kihusishi, na kwa hiyo likifuatwa na kitenzi ni lazima kiwe na "-ing": "I look forward to hearing from you". Kipimo ni kuweka nomino baada yake. Ikiwa "to the work" inakubalika, basi "to" hiyo ni kihusishi. Kwa kipimo hicho, misemo ifuatayo yote hudai "-ing": "be used to", ikiwa na maana ya kuzoea, "object to", "be committed to", "in addition to" na "with a view to".

Onyo moja linahusu mtenda. Kiswahili husamehe sentensi kama "baada ya kula, basi liliondoka", kwa kuwa msikilizaji hujaza mwenyewe kwamba walaji ni abiria. Msomaji makini wa Kiingereza anayesoma "After eating, the bus left" humhesabu mtenda wa sehemu ya pili kuwa ndiye mlaji, na basi litakuwa limekula. Njia iliyo salama ni kurudi kwenye kiunganishi na kumtaja mtenda: "After we had eaten, the bus left". Sheria za mikataba na taarifa za ajali, ambamo ni muhimu kujua nani alifanya nini, ziandikwe kwa njia hii ya pili daima.

Neno "na" na kazi zake zisizohesabika

Kiunganishi kinachojulikana kuliko vyote katika Kiswahili ni wakati huohuo kihusishi kinachotumika kuliko vingi, na Kiingereza hukigawa katika maneno yasiyopungua manne:

- "Asha na Juma" ni "and".
- "Alikuja na mdogo wake" ni "with".
- "Aliumwa na nyoka" ni "by", kwa kuwa nyoka ndiye mtenda. "He was bitten with a snake" humfanya nyoka kuwa chombo kilichoshikwa na mtu mwingine.
- "Ameolewa na mwalimu" ni "to": "she is married to a teacher", kamwe si "married with".
- "Tofauti na" ni "different from", "sawa na" ni "equal to", "kutokana na" ni "due to", na "karibu na soko" ni "near the market" bila kihusishi cha kuongezea.

Hakuna kanuni moja inayoyapanga matumizi ya mwisho. Yanajifunzwa moja moja, na anayetaka kuyaweka kichwani aandike kila kivumishi au kitenzi pamoja na kihusishi chake, si kila kimoja peke yake.

Linalohitaji maelezo zaidi ni "tulikwenda na Juma". Katika Kiswahili sentensi hiyo inaweza kuwahusu watu wawili tu, msemaji na Juma, kwa kuwa "tu" ya kitenzi tayari imemjumuisha Juma. "We went with Juma" huwahesabu watu watatu au zaidi: "we" ni wawili angalau, na Juma ni wa kuongezea. Anayetaka kusema habari za watu wawili aseme "Juma and I went". Tofauti hii, ambayo huonekana ya kitoto darasani, si ya kitoto katika maelezo ya polisi au ushahidi mahakamani.

Idadi huleta tatizo jingine pale "na" inapokuwa "pamoja na". Kiswahili husema "mwalimu pamoja na wanafunzi wamefika", na kitenzi huwa cha wingi. Katika Kiingereza, "and" ni kiunganishi na hujumlisha: "the teacher and the students have arrived". "Together with", "along with" na "as well as" hazijumlishi kwa kipimo cha sarufi rasmi, na kitenzi hufuata nomino ya kwanza peke yake: "the teacher, together with the students, has arrived". Anayeona kwamba sentensi hiyo inamsumbua sikio, na wenye kusumbuliwa ni wengi, atumie "and" na mambo yaishe.

Vihusishi viwili vinapofungwa kwa kiunganishi kimoja

Kiingereza huruhusu vihusishi viwili viunganishwe moja kwa moja na kushirikiana nomino moja: "before or after meals", kama inavyoandikwa kwenye vifurushi vya dawa, "for and against the proposal", "to and from work", "with or without sugar", "in and around Mombasa". Kiswahili huhitaji maneno zaidi kwa mambo hayo, na ndiyo maana wanafunzi huyakwepa ilhali ni mepesi na yanatumika kila siku.

Kanuni yake ni kwamba kila upande uwe na kihusishi chake kamili. "She is familiar and interested in the case" ni kosa, kwa kuwa "familiar" hudai "with", ambayo haipo; "in" imelazimishwa kuwatumikia wawili ambao mmoja wao haitaki. Iandikwe "she is familiar with and interested in the case", au, kwa anayeona umbo hilo limekakamaa, "she is familiar with the case and interested in it". Kipimo ni kufuta upande mmoja na kusoma uliobaki: "she is familiar in the case" hujifichua yenyewe.

Swali linalofuata huwa ni lini kihusishi kirudiwe. Katika orodha fupi ya majina, kitajwe mara moja, "from Kenya, Uganda and Rwanda", au kirudiwe kwa kila jina. Kisirudiwe kwa baadhi tu. Kwa viunganishi vya jozi, pande mbili zilingane:

- "Both in Nairobi and in Kisumu", au "in both Nairobi and Kisumu". Isiwe "both in Nairobi and Kisumu".
- "Either by bus or by train", au "by either bus or train".
- "Not only for the children but also for their parents".

Ukweli ni kwamba wazawa wa lugha hiyo nao huikiuka kanuni ya jozi kila siku, hata magazetini, na hakuna anayeshindwa kuwaelewa. Hata hivyo katika maandishi rasmi ni bora kuizingatia, kwa kuwa sentensi ndefu yenye pande zisizolingana humlazimisha msomaji kurudi nyuma.

Jozi zinazogawana mipaka zina kiunganishi au kihusishi chake maalumu. "Between" hudai "and", na "from" hudai "to": "between 8 and 10 o'clock", "from 8 to 10 o'clock". Hapa Kiswahili kinafundisha vizuri kabisa, kwa sababu "kati ya" hufuatwa na "na", nayo "kuanzia" hufuatwa na "hadi". "Between 8 to 10" ni kosa ambalo Mswahili hulipata kwa kuwaiga wengine, si kwa lugha yake.

Baadhi ya michanganyiko imeganda na haipinduliwi. Husemwa "up and down", "in and out", "to and fro", wala si kinyume chake. "By and large" humaanisha kwa jumla, na "over and above" humaanisha zaidi ya. Kutafuta maana ya kila neno ndani yake ni kupoteza muda.

Kishazi baada ya kihusishi: "that", "whether" na "what"

Kihusishi cha Kiingereza hakifuatwi na kishazi cha "that". "He informed us about that the meeting was cancelled" isahihishwe kwa kufuta "about", au kwa kuingiza nomino katikati: "about the fact that". Vipo vighairi viwili vinavyofaa kukumbukwa, "except that" na "in that", kama katika "the plan is good, except that it is expensive".

"Whether", "what", "how" na "where" hazina kizuizi hicho: "it depends on whether he comes", "a report on what happened". Mwandishi ajihadhari na "kama" ya Kiswahili, inayozaa "it depends on if he comes". Katika mazungumzo husikika. Katika maandishi rasmi, baada ya kihusishi hutumika "whether".

"Kama" ya kulinganisha nayo hugawanyika. "Like" ni kihusishi, na "as" ni kiunganishi: "she writes like her mother", "as the chairman said". Lakini "as" huwa kihusishi pia inapotaja wadhifa, na hapo ndipo maana hubadilika: "he works as a doctor" ni daktari kweli, ilhali "he works like a doctor" ni mtu mwingine anayefanya kazi kwa namna ya daktari. Katika barua ya maombi ya kazi, kosa hilo linaweza kumwondolea mwombaji taaluma yake.

Pingamizi zinazotarajiwa

Msomaji atauliza kwa nini ajisumbue ilhali wazungumzaji wenyewe wa Kiingereza huandika "because traffic", bila "of" na bila kishazi. Ni kweli kwamba matumizi hayo yapo, na yalienea mtandaoni kiasi kwamba Jumuiya ya Lahaja ya Marekani ililichagua "because" kuwa neno la mwaka 2013. Lakini ni mtindo wa mzaha, na mzaha wake hutegemea kwamba msomaji anaijua kanuni inayovunjwa. Mtahini au mwajiri hana namna ya kujua kama mwandishi anatania.

Wengine, waliosoma zaidi, watasema kwamba mpaka wenyewe kati ya viunganishi na vihusishi ni wa kubuni. Mwanaisimu Otto Jespersen alitoa hoja ya namna hiyo mwaka 1924, na sarufi kubwa ya Cambridge iliyoongozwa na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, ya mwaka 2002, huyaweka "before", "because" na "although" katika kundi la vihusishi. Hoja hiyo ina nguvu kwa wanaisimu, ila haibadilishi hata sentensi moja ya mwandishi wa kawaida: jina lolote litakalopewa, "because" itaendelea kufuatwa na kishazi na "because of" na nomino.

Pia husemwa kwamba "due to" haiwezi kuanza sentensi. Wapo wanasarufi wa karne ya 20 walioshikilia kwamba ije baada ya "be" tu, kama "the delay was due to rain". Leo matumizi ya "due to rain, the match was postponed" yamekubalika kwa wengi. Kinachobaki kuwa kosa ni "due to it rained". Katazo la kumalizia sentensi kwa kihusishi, ambalo mwandishi John Dryden alilipa nguvu mwaka 1672, na lile la kuanzia sentensi kwa "and" au "but", yanaweza kupuuzwa bila hofu, isipokuwa pale ambapo mwajiri au mtahini anajulikana kuyashikilia.

Mfano wa kusahihisha

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mazoezi na ina makosa manane ya aina zilizoelezwa. Msomaji aitafutie dosari zake kabla ya kuendelea:

"I am applying for this post because of I saw your advertisement. Despite of I did not go to university, but I have worked as a clerk since three years. During doing this work, I have become familiar and interested in customer service. I can submit my certificates until Friday, and I look forward to hear from you."

Na hii ndiyo ile iliyosahihishwa:

"I am applying for this post because I saw your advertisement. Although I did not go to university, I have worked as a clerk for three years. While doing this work, I have become familiar with and interested in customer service. I can submit my certificates by Friday, and I look forward to hearing from you."

Sentensi ya kwanza sasa haina kosa la sarufi, lakini bado haifai, kwa kuwa kuliona tangazo si sababu ya mtu kufaa kwa kazi, na mwajiri anayesoma mamia ya barua hulijua hilo. Hapo kiunganishi chenyewe ndicho kinachosababisha udhaifu: "because" huahidi sababu. Kihusishi "in response to" hakina ahadi hiyo, na barua ikianza kwa "I am applying for this post in response to your advertisement", neno "because" hubaki huru kutumika pale mwombaji anapokuwa na sababu ya kweli ya kutoa.